Pangani kwa njia ya Tongoni

Wengi wanaotoka Tanga kwenda Pangani huipita Tongoni bila kugeuza shingo. Gari husimama kidogo, mtu mmoja hushuka na ndoo yake, safari ikaendelea. Wakifika Pangani hulipiga picha Boma, huvuka mto kwenda kuogelea Ushongo, na wakirudi husema mji ule umelala, hauna cha kuona. Naona kosa lao ni la mpangilio. Tongoni ni mji wa mawe na chokaa ulioishiwa watu karne nyingi zilizopita, na Pangani ni mji wa mawe na chokaa ambao bado una watu ndani. Ukianza na ule uliobomoka, ambako ukuta umepasuka na kuonyesha ulivyojengwa, utajua cha kutafuta kwenye ule uliosimama. Ukianza na Pangani, kuta zake zitakuwa kuta chafu tu machoni pako, na Tongoni utaiona rundo la mawe.

Panga siku mbili. Siku moja inawezekana, lakini utaukosa mto au utakikosa kisiwa.

Tazama mwezi kwanza

Kabla ya kuchagua tarehe, jua maji yatakuwaje. Pwani ya Tanga bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji ya juu na ya chini huzidi mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, kisha hujaa saa 10 au saa 11 jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ndiyo maana baada ya wiki, wakati wa maji mafu, saa 4 hiyo hiyo ya asubuhi utakuta bahari imejaa, na hata ikipwa alasiri haiendi mbali.

Faida yake ni hii: kisiwa cha Maziwe hutoka maji yakipwa, na mto Pangani hupandwa vizuri maji yakijaa. Siku ya bamvua unavipata vyote viwili, kisiwa asubuhi na mto jioni, bila kukimbizana na saa. Ukija wakati wa maji mafu utalipa chombo bei ile ile ili ukaone kipande cha mchanga, au usione kitu. Ukiwauliza wavuvi mwezi una siku ngapi, watakujibu bila kutazama simu.

Majira nayo yana neno. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi hupuliza kwa nguvu, na bahari kati ya Pangani na Maziwe huchafuka, hasa mchana. Nahodha akikataa kwenda, usimbembeleze wala usitafute mwingine wa bei rahisi. Masika, Machi hadi Mei, tatizo huhamia barabarani na kwenye mbu. Kuanzia Desemba hadi Februari, wakati wa kaskazi, bahari hutulia zaidi lakini jua la Tongoni saa 6 mchana halina huruma. Mwezi wa Ramadhani njoo ukitaka, ila fahamu kwamba migahawa mingi haipiki mchana, na si adabu kula ukitembea mitaani.

Kufika Tongoni

Magofu yako kilomita 17 hivi kusini ya Tanga mjini, upande wa bahari wa barabara ya Pangani. Magari yaendayo Pangani ulizia kwenye stendi ya Kange, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Tongoni, magofuni. Ukisema "Pangani" akakukatia tiketi ya mwisho wa safari, utabishana naye njiani kwa jambo ambalo si kosa lake. Kutoka barabarani unatembea mwendo mfupi kuelekea ufukweni.

Kinachowasumbua watu ni gari la pili. Magari hujaa Tanga, kwa hiyo mtu anayesimama barabarani Tongoni saa 5 akitaka kuendelea Pangani huweza kupitwa na mawili matatu yaliyofurika. Kwa hiyo toka Tanga alfajiri, ufike magofuni saa 1 au saa 2 asubuhi, umalize kabla ya saa 4, uwe na muda wa kusubiri. Kama mko watatu au wanne, bajaji au teksi ya kukodi kutoka mjini hadi Tongoni na kurudi itawafaa zaidi, kisha mkapande gari la Pangani mkiwa mmeketi. Bodaboda zipo, kubalianeni bei kabla hujapanda, na mwambie kama atakusubiri au la.

Usichanganye safari hii na mapango ya Amboni. Yale yako kaskazini, kilomita 8 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Horohoro, na yanastahili nusu siku yake peke yake.

Beba maji, kofia, viatu vilivyofungwa kwa ajili ya miiba, kitambulisho chako cha taifa, na noti ndogo ndogo. Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje, lakini bila kitambulisho unamtia mlinzi mashakani bure. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu, basi hakikisha una salio kabla ya kufika mahali ambako mtandao unakuja na kuondoka.

Magofu yenyewe

Kuna msikiti mmoja na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya karne ya 14 na ya 15. Kwa wingi wa makaburi ya aina hii yaliyokusanyika mahali pamoja, Tongoni haina mwenzake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mgeni hulitambua hilo polepole kwa sababu nguzo nyingi zimeanguka, na nguzo iliyoanguka inafanana na ukuta ulioanguka.

Anza na msikiti. Huhitaji dira: kutoka Tanga, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, hivyo ukuta wenye kibla ndio wa kaskazini. Simama ndani ukiuelekea, utaona jinsi ukumbi wa kati ulivyokuwa mwembamba. Si kwamba waumini walikuwa wachache. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na boriti ya mkoko iliyonyooka vizuri haizidi sana mita 3. Mjenzi aliyetaka ukumbi mpana ilimbidi aongeze safu ya nguzo katikati au vyumba vya pembeni. Kipimo hicho kiweke akilini, maana utakikuta tena katika kila nyumba ya zamani kule Pangani.

Kwenye makaburi, zunguka kila moja kabla ya kupiga picha. Kaburi la nguzo ni ua wa kuta fupi unaozunguka mahali pa maiti, na katika ukuta mmoja huota nguzo, ya mraba au yenye pembe nyingi. Tazama mambo matatu: vibao vilivyonakshiwa kwenye kuta, pembe zilizoinuliwa kama ncha, na vishimo vya duara kwenye nguzo. Katika vishimo hivyo yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka China. Mabakuli yameondoka siku nyingi, yamebaki matundu yake kwenye chokaa. Nakshi huonekana jua likiwa chini, asubuhi mapema au baada ya saa 10 jioni, kwa kuwa mwanga wa ubavuni hutia kivuli kwenye kila mchoro. Picha za mchana hutoka nyeupe, hazina umbo, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mpiga picha aliamka saa 4.

Usipande juu ya kuta wala usikalie makaburi. Chokaa iliyonyeshewa miaka mia tano haihimili kiatu cha kilo 80. Tena hapa ni makaburi kweli, na wapo wanaofika kuomba dua. Ukikuta ubani, chupa ya marashi au kitambaa, viache vilipo. Ukikuta watu, toa salamu, kaa pembeni, subiri wamalize.

Kisha nenda hadi ukingo wa maji. Ghuba hii, yenye mikoko kila upande, ndiyo Mtangata ya maandishi ya zamani. Aprili 1498 mabaharia wa Kireno walipokuwa wakipanda kuelekea Mombasa, meli yao São Rafael, iliyokuwa chini ya Paulo da Gama, nduguye Vasco, ilikwama kwenye mafungu ya huku kabla hakujapambazuka. Wenyeji walikuja kwa mitumbwi wakawaletea machungwa, na mwandishi wa safari aliandika kwamba yalishinda ya Ureno kwa uzuri. Maji yalipojaa meli ikaelea, wakaendelea. Januari 1499 wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye, hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli tatu. São Rafael ikachomwa moto katika maji haya haya. Ukisimama hapo bamvua limepwa, mafungu yakiwa wazi, huhitaji mtu wa kukueleza jinsi chombo kizito kinavyoweza kukamatwa usiku. Machungwa nayo hayajaondoka: ya Muheza, nyuma ya vilima hivi, ndiyo yanayojaza masoko ya Tanga hadi leo.

Jiwe, chokaa na boriti

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo vibao vya maelezo huipita haraka.

Ukuta wa zamani wa pwani una unene wa nusu mita hivi, na umejengwa kwa mawe ya tumbawe ya aina mbili. La kwanza ni la kuchimbwa ardhini, gumu, lenye matundu na mabaki ya kombe. Hilo ndilo lililojaza kuta, halikuchongwa, lilipangwa lilivyo na kushikwa kwa chokaa. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji huchongeka kwa kisu, likikauka huwa gumu, ndiyo maana utalikuta kwenye kibla, kwenye fremu za milango na kwenye nakshi za makaburi. Ukiona kingo kali, mistari iliyonyooka na uso wa vitundu vidogo vidogo, umeliona.

Chokaa ilitoka kwenye tumbawe lile lile. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati hutiwa kuni kavu, juu hurundikwa vipande vya tumbawe, kisha tanu huwashwa. Likishapoa, mawe yaliyoungua huzimwa kwa maji au huachwa yanyonye umande na mvua hadi yawe unga, halafu hufunikwa yakae. Chokaa iliyokaa miezi ni bora kuliko ya wiki moja. Fundi aliyeharakishwa hutoa plasta inayopasuka. Paa la tambarare lilipangwa boriti za mikoko karibu karibu, juu yake vipande bapa vya tumbawe, na juu kabisa tabaka nene la chokaa na kokoto lililotwangwa hadi likashikana. Paa kama hilo ni zito sana. Boriti zikioza mwisho wake, pale zinapoingia ukutani, sakafu nzima hushuka kwa mara moja.

Ukuta huu hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa nje kupitia plasta ya chokaa. Mradi plasta ipo na inapumua, ukuta unaishi. Ikidondoka, mvua huingia, huosha chokaa katikati ya mawe, na ukuta huanza kutokwa na mawe moja moja.

Saruji ndiyo inayoharibu zaidi, na hufanywa kwa nia njema. Mwenye nyumba huona plasta imechakaa, hununua mifuko miwili ya saruji, fundi hupaka, ukuta unang'aa. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukwama nyuma yake, chumvi iliyomo kwenye tumbawe hukusanyika na kuganda pale pale, na kila ikiganda husukuma jiwe na kulisaga. Baada ya miaka michache saruji bado ngumu kwa nje, ndani ni unga. Dalili zake utazijua: plasta ya kijivu iliyotuna, inayolia kama debe tupu ukiigonga kwa kidole; mstari wa unyevu uliopanda hadi usawa wa kiuno; na chini ya ukuta, vumbi la rangi ya mchanga linaloanguka kila siku hata likifagiliwa. Zege lenye nondo ni baya zaidi, kwa kuwa chumvi huila nondo, nayo ikishika kutu hutuna na kupasua jiwe.

Ukarabati sahihi si siri. Saruji iliyolegea hubanduliwa kwa mkono, bila nyundo nzito. Ukuta hulowanishwa. Plasta huchanganywa kwa kipimo cha chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wenyewe uwe wa mtoni uliooshwa, kamwe si wa ufukweni. Hupakwa tabaka jembamba, lisizidi sentimita 1, likishika huongezwa jingine. Kisha kazi ambayo mafundi wengi huiruka: kufunika kwa magunia na kuyalowanisha kwa wiki nzima au zaidi, maana chokaa ikikaushwa na jua siku ya kwanza hubaki vumbi. Inachosha, na gharama yake ni ya muda kuliko ya fedha. Mche mdogo wa jamii ya mkuyu ukiota kwenye ufa, hukatwa ungali mdogo; ukishakuwa na shina, ukiung'oa unang'oa na ukuta.

Pangani

Kutoka Tongoni barabara inapita Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichoingia vitabuni kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale aliyenaswa mara nyingi katika maji haya. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa 2009. Baada ya hapo ni minazi na mkonge hadi mtoni.

Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, pale unapomwagikia baharini baada ya kusafiri kilomita 500 hivi kutoka miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Ng'ambo ni Bweni, kwenye kilima. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini ilianzia hapa, na bondeni kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Richard Burton na John Speke walipita 1857 wakienda Vuga kumwona Kimweri, mtawala wa Wasambaa, kabla ya safari yao ya maziwa makuu.

Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuchukua forodha na kutweka bendera yake, Pangani ndiyo iliyokataa kwanza, na upinzani ukasambaa pwani nzima. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na mji, akawa kiongozi wake mashuhuri. Hermann Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliuteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa hapa hapa Pangani. Ofisa aliyekuja na bendera ile, Emil von Zelewski, hakukaa sana: Wahehe wa Mkwawa walimuua kule Lugalo, Agosti 1891.

Mji ulishuka kwa sababu mbili zinazoonekana kwa macho. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, na meli kubwa haziwezi kuingia. Tanga ina ghuba yenye kina. Kisha reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, na mzigo wote wa bara ukahamia huko. Mkonge ulikuja mwaka huo huo wa 1893, wakati Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Lakini hata utajiri wa mkonge ulipitia Tanga zaidi. Nyumba za kale za Pangani zimebaki kwa sababu hiyo: hapakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga ghorofa.

Boma ni jengo la kwanza watu kulitafuta. Linasemwa lilijengwa 1810 na tajiri wa Kiomani, Wajerumani wakaliongeza baadaye. Utasimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame; hadithi ya namna hiyo husimuliwa kwa zaidi ya jumba moja la pwani, isikilize ukijua hivyo. Boma limetumika kama ofisi za serikali, si makumbusho, kwa hiyo njoo siku ya kazi, piga hodi, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera. Ukija Jumapili utaona nje tu. Nje nako kuna milango. Mlango wa kuchongwa una miimo miwili, kizingiti juu na chini, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mwanya kati ya mbao mbili. Soma mfaa kwanza, maana mafundi walimalizia ufundi wao hapo. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti kilichonyooka. Ile yenye tao juu ni ya mwishoni mwa karne ya 19.

Baada ya Boma, nenda Uhindini, mtaa wa maduka ya Wahindi. Humo maduka yako chini, makazi juu, na baraza mbele. Tembea taratibu ukitumia macho uliyopata Tongoni: hapa plasta imebanduka na tumbawe liko wazi, hapa boriti zimechungulia, hapa mtu amepaka saruji mwaka juzi na ukuta umeanza kutuna. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, kipimo kile kile cha boriti. Nyumba hizi zina wenyewe. Baraza ni sehemu ya nyumba, si benchi ya umma. Toa shikamoo kwa mzee aliyeketi, zungumza naye kidogo, ndipo uombe kupiga picha. Mara nyingi atakuonyesha hadi ua wa nyuma, ambako kuna mengi kuliko barabarani. Ukitaka mtu wa kukutembeza, waulizie vijana wa utalii wa kitamaduni, na mlipe aliyekutembeza kabla ya kuingia kwenye maduka ya wajomba zake.

Chakula hakina shida: wali wa nazi na samaki, pweza, mihogo ya nazi. Agiza mapema, kwa maana kinapikwa ukishaagiza. Usitegemee mashine ya kutolea fedha; mtandao ukikatika, umekatika kwa kila mtu.

Kisiwa na mto

Maziwe iko baharini kusini-mashariki ya mji. Zamani ilikuwa kisiwa chenye mivinje na miti mingine, na kasa walitaga kwa wingi. Miti ilikatwa, mizizi haikuwepo tena kushika mchanga, bahari ikala, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikazama. Leo ni fungu la mchanga linalotoka maji yakipwa. Ondoka Pangani au Ushongo muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na uondoke kisiwani mara yanapoanza kurudi. Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa, hakuna choo. Vaa shati la mikono mirefu hata ukiogelea, na mwulize nahodha kama koti la kuokolea lipo kwa kila mtu, watoto wakiwemo, kabla hamjalipa. Usisimame juu ya matumbawe.

Mto ni wa jioni, maji yakijaa. Yakipwa, mkondo una nguvu ya kutoka nje na kingo ni matope. Yakijaa chombo hupita karibu na mikoko, ndege wakirudi kulala. Usiogelee, mamba wamo. Mwombe nahodha apite upande wa mji pia, uone ukuta uliojengwa kuizuia bahari, kwa kuwa ukingo wa Pangani unaliwa. Juu zaidi maji ya mto hupungua kwa kilimo na mabwawa ya umeme, na yakipungua, maji ya chumvi hupanda ndani zaidi.

Kurudi au kuendelea

Magari ya mwisho kurudi Tanga huondoka mapema kuliko unavyodhani. Uliza siku uliyofika, si siku ya kuondoka. Anayeelekea Ushongo na Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, yuko ng'ambo ya mto kupitia Bweni. Kivuko hakijali haraka yako, basi ukiwa na gari fika mapema, ushushe abiria wapande kwa miguu, na usishangae wakisubiri maji siku za bamvua. Barabara hii ni kipande cha ile ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256 kwa jumla, ambayo imekuwa ikijengwa kwa lami pamoja na daraja la mto. Ulizia ujenzi umefika wapi kabla ya kuchukua gari dogo. Anayetoka Dar es Salaam kupitia Segera anaweza kukata kona Muheza na kushukia Boza bila kupita Tanga mjini, ila masika njia hiyo huwa tope, na Tongoni atakuwa ameiacha upande wa kushoto.